Ala pepe inapoizima programu ya muziki: namna ya kuunusuru wimbo Nakivale

Programu ya kurekodi muziki inapojifunga ghafla, mara nyingi kosa limo katika ala pepe moja iliyopachikwa ndani yake, wala wimbo wenyewe haujaharibika. Kwa studio ndogo za makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji jirani la Mbarara, kulitambua hilo mapema kunaweza kuamua iwapo sauti za waimbaji waliokwisha kusafiri zitabaki au zitapotea.

Mambo muhimu

- Kabla ya kujaribu tiba yoyote, nakili folda nzima ya mradi na uiweke mahali pengine.
- Wakati programu inapojifunga ndio dalili ya kwanza ya kutazamwa.
- Ala yenye kosa hupatikana kwa kuzigawa programu jalizi nusu kwa nusu.
- Sauti zilizorekodiwa zikihifadhiwa kama faili za WAV, wimbo hautegemei tena ala yoyote.

Kwa nini hasara ni kubwa

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara. Ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo wanaishi humo watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowawezesha kusikilizana.

Waliofika huko walikuja na muziki wao. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, na ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014. Katika studio ya chumba kimoja, turathi hizo hukutana na kompyuta. Gitaa la sebene huweza kuchezwa kwa kinanda kilichounganishwa na ala pepe, na kwaya ikarekodiwa kwa maikrofoni moja, sauti baada ya sauti.

Tuchukue mfano wa kwaya yenye waimbaji kumi na wawili. Wimbo wao una traki kumi na mbili za sauti na ala pepe nane: ngoma, besi, magitaa mawili, kinanda, nyuzi, tarumbeta na kengele. Kabla ya wimbo kukamilika, waimbaji wawili wanapata safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu, tuseme Kanada au Australia. Wiki moja baadaye mradi unakataa kufunguka. Gitaa la kompyuta linaweza kupigwa upya jioni moja, lakini waimbaji wale wawili hawatasimama tena mbele ya maikrofoni ile. Kwa hiyo kila hatua inayofuata inaanza na swali moja: sauti ziko salama?

Kinachotokea ndani ya kompyuta

Programu kama FL Studio, Cubase, Reaper, Ableton Live na Logic Pro ni nyumba ya kurekodia. Ndani yake huingizwa programu ndogo, programu jalizi, ambazo watayarishaji wengi huziita plagini. Baadhi hupamba sauti, kwa mfano kuongeza mwangwi. Nyingine ni ala kamili zinazotoa mlio wa piano, gitaa au ngoma.

Mfumo unaotumika zaidi kuziunganisha huitwa VST. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani iliutoa mwaka 1996, na mwaka 1999 ukaanza kubeba ala pepe. VST3 ilifuata mwaka 2008. Kwenye kompyuta za Apple kuna mfumo mwingine, Audio Units.

Kwa kawaida programu jalizi hutumia kumbukumbu ileile ya programu mama. Wageni wote wamo katika chumba kimoja na mwenyeji. Mgeni mmoja akifanya kosa ambalo kompyuta haiwezi kulivumilia, chumba chote hufungwa, pamoja na kazi ambayo bado haijahifadhiwa. Ndiyo maana mtayarishaji huilaumu FL Studio au Cubase, ilhali kosa limetoka kwa ala iliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa.

Hatua ya kwanza: linda kilichopo

Kishawishi cha kwanza ni kufungua mradi tena na tena kwa matumaini kwamba utatii. Inafaa kuacha. Kila ufunguzi ni nafasi ya kuhifadhi kwa bahati mbaya mradi uliopungukiwa juu ya ule mzima.

Nakili folda yote ya mradi, faili ya mradi pamoja na sauti zilizorekodiwa, uiweke kwenye flashi au diski ya nje. Majaribio yote yafanyike kwenye nakala.

Kisha tafuta nakala ambazo programu yenyewe imejiwekea. FL Studio huziweka katika folda iitwayo Backup. Cubase huacha faili zinazoishia na .bak, na Reaper zinazoishia na .rpp-bak. Huenda nakala ya dakika kumi kabla ya ajali ikafunguka bila shida, hasa ikiwa ala yenye kosa iliongezwa baadaye.

Hata zote zikikataa, sauti hazijapotea. Programu nyingi huhifadhi kila kilichorekodiwa kwa maikrofoni kama faili ya WAV iliyo peke yake. Faili hizo zinaweza kusikilizwa kwa programu yoyote ya kucheza muziki, au kufunguliwa katika Audacity, ambayo ni ya bure. Mtayarishaji akishazipata na kuzinakili, hatari kubwa imepita, na yaliyobaki ni kazi ya ufundi.

Hatua ya pili: tazama programu inajifunga lini

Inapowaka, kabla ya mradi wowote kufunguliwa. Wakati huo programu hukagua folda ya programu jalizi. Ikikwama hapo, kuna faili iliyoharibika au isiyolingana na mfumo wa kompyuta. Katika programu kadhaa jina la ala inayokaguliwa huonekana kwenye skrini, na jina la mwisho kuonekana ndilo la kushukiwa kwanza.

Inapofungua mradi mmoja tu. Miradi mingine ikifunguka vizuri, mkosaji ni ala iliyomo katika mradi huo, au maktaba ya sauti ambayo ala hiyo haiioni tena.

Inapofungua dirisha la ala. Muziki unacheza, lakini dirisha la ala likifunguliwa kila kitu kinazimika. Hapo shuku kiendeshaji cha kadi ya picha, kwa kuwa ala nyingi huitumia kuchora vinanda na vitufe vyake. Sasisha kiendeshaji hicho kabla ya kuiondoa ala.

Wimbo unapozidi kuwa mkubwa. Programu inafanya kazi vizuri ikiwa na ala tatu, kisha inaanguka inapofika ya saba. Hiyo ni dalili ya kumbukumbu kujaa.

Sauti inapokatikakatika bila programu kufa. Hilo ni tatizo jingine. Prosesa haiwahi kuandaa sauti kwa wakati, na tiba yake ni kuongeza ukubwa wa bafa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 huipa kompyuta takriban milisekunde 6 za kujiandaa, na bafa ya 1,024 huipa takriban 23. Ndogo inafaa wakati wa kurekodi, kubwa wakati wa kuchanganya.

Windows yenyewe huandika kilichotokea. Ndani ya chombo chake kiitwacho Event Viewer, kumbukumbu ya programu iliyoanguka huwa na mstari wenye maneno "Faulting module name". Likitokea hapo jina la faili ya ala, mkosaji amejitaja. Likitokea jina la faili ya Windows, bado upekuzi unahitajika. Kompyuta za Apple nazo hutoa taarifa ya ajali ambamo jina la programu jalizi huweza kuonekana.

Hatua ya tatu: gawa nusu kwa nusu

Dalili zisipotosha, ipo njia ya zamani ambayo haihitaji intaneti wala fedha. Kwenye Windows, ala za VST3 huwekwa katika folda ya VST3 iliyomo ndani ya Common Files, nayo imo ndani ya Program Files. Zile za mfumo wa zamani ni faili zinazoishia na .dll, na mara nyingi huwa katika folda iitwayo VstPlugins.

1. Funga programu ya muziki. Tengeneza folda mpya mahali pasipokaguliwa na programu, kwa mfano kwenye eneo-kazi.
2. Hamishia humo nusu ya ala. Usifute chochote.
3. Washa programu na ufungue nakala ya mradi. Italalamika kwamba ala fulani hazipo, na traki zake zitakaa kimya. Hilo ni la kawaida.
4. Mradi ukifunguka, mkosaji yumo katika nusu iliyoondolewa. Ukianguka, yumo katika nusu iliyobaki.
5. Igawe tena nusu yenye mkosaji, na urudie.

Ala 32 huhitaji majaribio matano tu: 16, 8, 4, 2, kisha 1. Kwa wimbo wa mfano wetu wenye ala nane, ni majaribio matatu. Anayeziondoa moja baada ya nyingine bila mpango anaweza kupoteza siku nzima.

Mradi uliofunguliwa ukiwa na ala pungufu usihifadhiwe juu ya faili ya awali. Ukitaka kuuhifadhi, upe jina jipya.

Programu nyingine zina mlango wa dharura. Reaper inaweza kufungua mradi huku programu jalizi zote zikiwa zimezimwa, kisha mtumiaji akaziwasha moja moja. Cubase kwenye Windows, ikiwashwa huku vitufe vya Control, Shift na Alt vimeshikiliwa pamoja, hutoa nafasi ya kuanza bila programu jalizi za kampuni nyingine.

Mkosaji akipatikana: sababu na tiba

Biti 32 na biti 64. Ala ya zamani iliyoundwa kwa biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, na programu za kisasa za biti 64 huhitaji daraja ili kuipokea. Daraja hilo ni mahali ambapo ajali hutokea mara nyingi. Tiba ni kuweka toleo la biti 64 la ala hiyo, au kutafuta mbadala wake.

Vipande vya Windows vinavyokosekana. Ala nyingi hutegemea kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable. Kompyuta iliyofutwa na kuwekewa Windows upya huenda haina kifurushi hicho. Hutolewa bure na Microsoft.

Diski iliyobadilika herufi. Ala kama Kontakt husoma sauti zake kutoka katika maktaba kubwa, na maktaba hizo mara nyingi hukaa kwenye diski ya nje. Diski iliyokuwa D leo ikiitwa E, ala haioni sauti zake na inaweza kukwama ikizitafuta. Kwenye Windows diski inaweza kupewa herufi isiyobadilika. Pia isichomolewe wakati wimbo unacheza, kwa kuwa baadhi ya ala husoma sauti moja kwa moja kutoka kwenye diski.

Kumbukumbu ndogo. Kompyuta yenye gigabaiti 4 za RAM hulemewa haraka na ala zinazobeba sauti zilizorekodiwa. Funga kivinjari cha intaneti na programu nyingine. Ala ambayo sehemu yake imeshakamilika igeuzwe kuwa sauti ya kawaida, kisha izimwe.

Viendeshaji vya sauti. Programu mbili zikigombea kadi moja ya sauti, moja huweza kukwama. Chagua kiendeshaji kimoja cha ASIO, na ufunge vichezeshi vingine kabla ya kuanza kurekodi.

Ala isiyo na mbadala. Pale ambapo ala inayoanguka haiwezi kuachwa, FL Studio na Reaper zina chaguo la kuiendesha nje ya chumba cha programu mama. Ikianguka, huanguka peke yake na mradi ukabaki hai. Gharama yake ni kumbukumbu zaidi.

Ala zilizovunjwa leseni

Ala nyingi za kibiashara huuzwa kwa dola, na bei hiyo ni nzito kwa mtu anayeishi makazini. Nakala zilizovunjwa leseni huzunguka kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mbali na suala la sheria, ni chanzo cha ajali kwa sababu za kiufundi. Faili imekatwa na kuunganishwa upya ili iache kuuliza leseni, haiwezi kupokea marekebisho ya mtengenezaji, na programu ya kukinga virusi huweza kufuta kipande chake na kukiacha kingine. Virusi navyo hupita kwa njia hiyohiyo, na vinaweza kuharibu rekodi za wateja wote wa studio.

Zipo ala halali zisizolipiwa. Surge XT na Dexed zinatolewa bure na msimbo wake uko wazi. Vital ina toleo la bure, na LABS ya Spitfire Audio hutoa sauti za nyuzi, piano na nyinginezo bila malipo. LMMS ni programu kamili ya kutunga muziki isiyo na gharama. Reaper hutoa siku 60 za majaribio. Toleo la majaribio la FL Studio halitoi nafasi ya kufungua tena kikamilifu mradi uliohifadhiwa, hivyo halifai kwa kazi ya mteja isiyomalizika siku ileile.

Intaneti na umeme

Maktaba moja ya sauti inaweza kufika gigabaiti kadhaa, na tangu Julai 2021 Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Kwa mwenye safari ya Mbarara, ni busara kukusanya mahitaji yote na kuyapakua kwa mkupuo mmoja: toleo jipya la ala, kifurushi cha Microsoft na kiendeshaji cha kadi ya picha. Faili iliyokatika katikati ya kupakuliwa ni chanzo kingine cha ala mbovu, kwa hiyo ukubwa wake ulinganishwe na ule uliotajwa na mtengenezaji kabla ya kufunga safari ya kurudi. Ni vyema pia kujua mapema kama ala inadai intaneti wakati wa kuthibitisha leseni.

Umeme ukikatika wakati mradi unahifadhiwa, faili ya mradi yenyewe huweza kuharibika, na dalili zikafanana na za ala mbovu. Kompyuta mpakato yenye betri nzima hupunguza hatari hiyo. Uhifadhi wa kujiendesha uwekwe kila dakika 5 au 10, na programu iachiwe itunze nakala kadhaa zilizopita.

Kuuweka wimbo huru

Tiba zote zilizotajwa humrudisha mtayarishaji kazini, lakini hazizuii ajali nyingine mwaka ujao, kompyuta ikibadilishwa au ala ikiacha kutolewa. Kinga ya kudumu ni kuugeuza wimbo kuwa faili za WAV zisizohitaji ala yoyote.

Kila traki hutolewa peke yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri, ili zikipangwa pamoja katika programu yoyote zilingane bila kusogezwa. Majina yaeleweke: "soprano ya kwanza", "gitaa la sebene", "besi". Kasi ya mdundo iandikwe katika faili fupi ya maandishi. Noti za ala zihifadhiwe pia kama faili ya MIDI, ambayo ni ndogo sana na inaweza kupelekwa kwa ala nyingine yoyote.

Kwa ubora wa biti 24 na kasi ya 44,100, traki moja ya mono huchukua karibu megabaiti 8 kwa dakika. Sauti kumi na mbili za kwaya, katika wimbo wa dakika nne, hufika karibu megabaiti 380. Flashi ya gigabaiti 32 inaweza kubeba nyimbo za namna hiyo zaidi ya themanini. Nakala moja ibaki studio na nyingine ikae nyumba nyingine, ili wizi, mvua au moto visizichukue zote kwa pamoja.

Faili hizo zina faida nyingine kwa jamii iliyotawanyika. Mwimbaji aliyekwisha kufika ughaibuni anaweza kutumiwa mchanganyiko wa wimbo, akaongeza sauti yake huko kwa programu yoyote aliyonayo, na kuirudisha Nakivale kama faili moja ya WAV. Hahitaji kuwa na ala zilezile wala leseni zilezile.

Kwa kwaya ya mfano wetu, kazi hiyo ingechukua chini ya saa moja siku ya kurekodi. Mtayarishaji anashauriwa kuifanya jioni ileile, waimbaji wakiwa bado mlangoni, na kuisikiliza kila faili mwanzo hadi mwisho kabla hawajaondoka. Traki ikikosekana au ikiwa na mkwaruzo, mwenye sauti bado yupo na anaweza kuimba tena.